Mfalme na Bunge: Ugomvi Uliotikisa Uingereza, 1603–1689

Kila kikao kipya cha Bunge la Uingereza kifunguliwapo rasmi, Mfalme au Malkia huketi katika kiti cha enzi ndani ya Baraza la Mabwana. Kisha humtuma mjumbe wake aitwaye Black Rod, yaani Fimbo Nyeusi, aende kuwaita wajumbe wa baraza la pili waje kusikiliza hotuba. Mjumbe huyo akaribiapo, mlango hufungwa kwa kishindo mbele ya uso wake. Hana budi kubisha mara tatu kwa fimbo yake, ndipo afunguliwe.

Mgeni atazamaye jambo hilo huenda akadhani ni utovu wa adabu, au ni mchezo tu. Sivyo. Mlango ule hufungwa kwa sababu siku moja, tarehe 4 Januari 1642, Mfalme aliingia mwenyewe katika baraza lile, akiwa na watu wenye silaha nyuma yake, kuwakamata wajumbe watano. Miaka saba baadaye Mfalme huyo huyo alikatwa kichwa mbele ya watu wake.

Katika makala hii tutaeleza jinsi mambo hayo yalivyotokea, na ni jambo gani hasa lililogombaniwa. Maana si ugomvi wa watu wawili waliochukiana. Lilikuwa ni swali ambalo kila taifa hujiuliza siku moja: Ni nani awezaye kuchukua fedha ya mtu bila ya ridhaa yake? Tena, ni nani awezaye kumtia mtu gerezani bila ya kumwambia kosa lake?

BUNGE LA ZAMANI LILIKUWA NINI

Msomaji asidhani ya kuwa Bunge la siku zile lilikuwa kama mabunge ya siku hizi. Halikuwa na muda maalum wa kukutana. Mfalme aliliita alipokuwa na haja nalo, na alipochoka nalo akalivunja. Waziri aliyewatawala watu hakuchaguliwa na Bunge. Alikuwa mtumishi wa Mfalme, akiwekwa na kuondolewa naye.

Bunge lilikuwa na mabaraza mawili. La kwanza ni Baraza la Mabwana, walimokaa watu wa jamaa kubwa za nchi pamoja na maaskofu. La pili ni baraza la wajumbe waliochaguliwa, ambalo kwa Kiswahili limeitwa Baraza la Makabwela. Lakini jina hilo lisitudanganye, kwani makabwela wenyewe hawakuwamo. Katika majimbo, aliyeweza kupiga kura ni mwanamume mwenye ardhi iliyompatia shilingi 40 kwa mwaka au zaidi. Maskini hakuwa na kura, wala wanawake. Wajumbe wengi walikuwa wenye mashamba makubwa, mawakili na wafanya biashara.

Hata hivyo baraza hilo lilikuwa na nguvu moja kubwa. Desturi ya nchi tangu zamani ilikuwa ya kwamba Mfalme aendeshe serikali yake kwa mapato yake mwenyewe, yaani mapato ya ardhi yake na ushuru wa forodha. Akitaka zaidi, mathalan kwa ajili ya vita, ni lazima aombe kibali cha Bunge. Basi Mfalme alishika upanga, na Bunge likashika ufunguo wa sanduku.

Tena liko jambo lingine ambalo watu husahau. Mfalme wa Uingereza hakuwa na jeshi la kudumu, wala hakuwa na watumishi wengi wa mshahara huko mashambani. Waliokusanya kodi, waliohukumu kesi ndogo ndogo na waliotunza amani wilayani walikuwa ni wale wale wenye mashamba, nao walifanya kazi hiyo bila ya malipo. Watu hao ndio walioketi katika Bunge, au ndugu zao na jirani zao. Mfalme akigombana nao, amegombana na mikono yake mwenyewe.

MFALME JAMES NA MADAI YA MBINGUNI

Malkia Elizabeth wa Kwanza alikufa mwaka 1603 bila ya kuacha mtoto. Jamaa yake, James, aliyekuwa Mfalme wa Uskoti, akarithi kiti cha Uingereza. James alikuwa mtu wa elimu na mwandishi wa vitabu. Mwaka 1598 alikuwa amekwisha kuandika kitabu kueleza ya kuwa mfalme huwekwa na Mungu, naye atatoa hesabu kwa Mungu peke yake, wala si kwa watu.

Wajumbe wa Bunge hawakukana ya kuwa Mungu ndiye awekaye wafalme. Karibu kila mtu wa siku zile aliamini hivyo. Walilolipinga ni neno lililofuata. Walisema ya kuwa Mfalme huwekwa na Mungu, ndiyo, lakini hutawala kwa sheria, na sheria ya nchi hii ilikuwapo kabla yake.

Fedha ndiyo iliyoleta fitina. Bei za vitu zilikuwa zimepanda sana kwa muda wa miaka mia, na ardhi nyingi ya ufalme ilikuwa imeuzwa. James naye alikuwa mkarimu kupita kiasi kwa vipenzi vyake. Akaomba fedha, wajumbe wakajibu kwa kumwonyesha malalamiko yao. Mwaka 1621 wajumbe waliandika katika kitabu chao cha kumbukumbu ya kuwa haki yao ya kusema mambo ya nchi ni urithi wao, wala si zawadi ya Mfalme. James aliagiza aletewe kitabu kile, akaung'oa ukurasa ule kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akalivunja Bunge. Ukurasa ulitoka, lakini neno halikutoka katika mioyo ya watu.

CHARLES NA OMBI LA HAKI

James alikufa mwaka 1625, na mwanawe Charles akatawala mahali pake. Charles alikuwa mtu mwenye adabu, mcha Mungu, mwaminifu kwa mke wake na watoto wake. Lakini alikuwa na kasoro mbili ambazo kwa mtawala ni hatari: hakujua kusikiliza, na ahadi alizotoa akiwa katika shida hakuziona kuwa zinamfunga shida ilipopita.

Mapema alianza vita na Hispania, kisha na Ufaransa, na vita vyote viwili vikaenda vibaya. Mshauri wake mkuu, Mtawala wa Buckingham, alichukiwa na nchi nzima. Bunge la mwaka 1626 lilipotaka kumshtaki Buckingham, Charles alilivunja ili kumwokoa. Sasa hakuwa na fedha wala Bunge la kumpa. Akaamuru watu wenye mali wamkopeshe fedha kwa nguvu. Waliokataa, baadhi yao wakatiwa gerezani. Mabwana watano miongoni mwa wafungwa hao walikwenda mbele ya majaji mwaka 1627, wakauliza wamefungwa kwa kosa gani. Jibu lililotolewa ni kwamba wamefungwa kwa amri ya Mfalme. Majaji hawakuwafungua.

Hapo watu waliingiwa na hofu kweli kweli. Mtu akiibiwa ng'ombe, humtafuta mwizi na kumpeleka barazani. Lakini ikiwa mwenye baraza ndiye aliyemchukua ng'ombe, na akiulizwa sababu hujibu kuwa sababu ni yeye mwenyewe, basi mwenye ng'ombe atakwenda wapi?

Bunge lilipokutana mwaka 1628 liliandika Ombi la Haki. Lilitaka mambo manne. Kwanza, mtu asitozwe kodi wala mkopo wa lazima bila ya kibali cha Bunge. Pili, mtu asifungwe bila ya kuonyeshwa sababu kwa mujibu wa sheria. Tatu, askari wasikalishwe katika nyumba za watu bila ya ridhaa yao. Nne, sheria za kijeshi zisitumiwe kwa raia wakati wa amani. Charles alijibu kwanza kwa maneno ya kuzungukazunguka, na wajumbe hawakuridhika. Tarehe 7 Juni 1628 akakubali, na kengele zikalia London kwa furaha.

Furaha hiyo haikudumu. Mfalme aliendelea kutoza ushuru wa forodha ambao Bunge lilisema halikumruhusu. Tarehe 2 Machi 1629 alipotuma amri ya kuahirisha mkutano, Spika alitaka kusimama ili afunge kikao, lakini wajumbe wawili walimkamata wakamkalisha kwa nguvu kitini pake. Mlango ukafungwa, na maazimio yakasomwa yenye kusema ya kuwa yeyote atakayeshauri au kulipa ushuru usio na kibali cha Bunge ni adui wa nchi. Sir John Eliot, aliyeongoza jambo lile, alitiwa gerezani katika Mnara wa London, akafia humo mwaka 1632.

MIAKA KUMI NA MMOJA BILA BUNGE

Tangu 1629 mpaka 1640 Charles alitawala bila ya kuita Bunge hata mara moja. Haikuwa kinyume cha sheria, kwani hapakuwa na sheria iliyomlazimisha kuliita. Akafanya amani na maadui wake, akapunguza gharama, akazitafuta sheria za zamani zilizosahauliwa ili apate kuwatoza watu faini.

Kodi iliyoleta kelele kuliko zote ni Kodi ya Merikebu. Desturi ya kale iliruhusu Mfalme, nchi ikiwa katika hatari, kuitaka miji ya pwani itoe merikebu za kuilinda. Mwaka 1634 Charles aliitoza pwani fedha badala ya merikebu. Mwaka 1635 akaitoza nchi nzima, hata majimbo ambayo wenyeji wake hawakupata kuiona bahari, na akaendelea hivyo kila mwaka. Mwanzoni wengi walilipa. Lakini waliona ya kuwa kodi ya dharura imegeuka kuwa kodi ya kila siku, na kwamba mwenye kuamua kama kuna dharura ni yule yule mwenye kuipokea fedha.

Mwenye shamba mmoja aliyeitwa John Hampden alikataa kulipa. Kiasi kilichobishaniwa kilikuwa shilingi 20 tu. Hampden alikuwa tajiri. Angeweza kulipa asihisi lolote. Alikataa kwa sababu aliona ya kuwa akitoa shilingi 20 pasipo haki, ametoa pia haki ya kukataa pauni 20. Kesi yake ilisikilizwa na majaji 12 mwaka 1637 na 1638. Saba walimpa Mfalme ushindi, na watano wakasimama upande wa Hampden. Mfalme alishinda barazani, akashindwa nje ya baraza. Kwani watu walisema ya kuwa ikiwa majaji watano wa Mfalme mwenyewe hawakubali, basi haki iko wapi?

UGOMVI WA DINI NA VITA VYA USKOTI

Yote haya yalichanganyika na mambo ya dini. Wakristo wengi wa Uingereza, hasa wale walioitwa Wapuritani, walitaka ibada iwe nyepesi, yenye mahubiri na Biblia, bila ya mapambo mengi. Charles na Askofu Mkuu wake, William Laud, walitaka ibada ya taratibu na heshima, yenye mavazi na madhabahu. Malkia Henrietta Maria alikuwa Mkatoliki kutoka Ufaransa, na Waprotestanti wengi wakashuku ya kuwa Mfalme anairudisha nchi kwa Papa polepole.

Mwaka 1637 Charles aliwaamuru Waskoti watumie Kitabu kipya cha Sala. Huko Edinburgh watu walifanya ghasia kanisani siku kilipoanza kusomwa. Mwaka uliofuata maelfu walitia sahihi Agano la kulinda dini yao, wakajiweka tayari kwa vita. Charles hakuwa na fedha ya kuwapiga. Basi ikambidi aite Bunge.

Bunge la kwanza lilikutana Aprili 1640. Wajumbe walisema malalamiko yasikilizwe kwanza, fedha baadaye. Charles akalivunja baada ya majuma matatu. Waskoti wakavuka mpaka, wakatwaa sehemu ya kaskazini ya Uingereza, wakadai walipwe gharama zao. Sasa Mfalme hakuwa na njia. Tarehe 3 Novemba 1640 Bunge jingine likafunguliwa, nalo ndilo lililoitwa baadaye Bunge Refu.

Kwa muda wa mwaka mmoja Bunge hilo lilifanya kazi ambayo haikupata kuonekana. Lilipitisha sheria ya kwamba Bunge liitwe walau mara moja katika kila miaka mitatu. Lilipitisha nyingine ya kwamba Bunge lililopo lisivunjwe bila ya ridhaa yake lenyewe. Liliifuta Kodi ya Merikebu. Liliondoa mahakama ya pekee ya Mfalme iitwayo Star Chamber, ambayo ilikuwa imewaadhibu waandishi kwa kuwakata masikio. Pia lilimhukumu kufa Strafford, waziri mwenye nguvu kuliko wote. Mfalme alikuwa amemwahidi Strafford ya kuwa hatapoteza maisha yake. Lakini makundi ya watu yalipojaa mitaani, alitia sahihi. Strafford alikatwa kichwa tarehe 12 Mei 1641. Charles hakujisamehe jambo hilo maisha yake yote.

SIKU MFALME ALIPOINGIA BUNGENI

Mpaka hapo wajumbe karibu wote walikuwa kitu kimoja. Lakini Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ireland waliasi, na ikahitajiwa jeshi. Nani atakuwa jemadari wa jeshi hilo? Mfalme akipewa, huenda akalitumia kuwapiga wajumbe wenyewe. Asipopewa, basi ufalme wake ni jina tupu. John Pym, kiongozi wa wajumbe, alileta orodha ndefu ya makosa ya serikali ya Charles. Ilipita kwa kura 159 dhidi ya 148. Ona jinsi kura hizo zilivyokaribiana! Watu wengi wema walianza kuogopa ya kuwa Bunge nalo limevuka mpaka.

Kama Charles angesubiri, huenda angepata wengi upande wake. Hakusubiri. Tarehe 4 Januari 1642 alikwenda Bungeni na mamia ya watu wenye silaha, akawaacha mlangoni, akaingia ndani ili awakamate Pym, Hampden na wenzao watatu kwa kosa la uhaini. Lakini watano hao walikuwa wamekwisha kupata habari, wakaondoka kwa mashua katika mto Thames. Mfalme alitazama huku na huku asiwaone. Akamwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall alipiga magoti kwa heshima, akajibu ya kuwa mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, ila kama baraza hilo litakavyomwagiza, maana yeye ni mtumishi wake.

Jibu lile lilikuwa la unyenyekevu, tena lilikuwa kubwa. Tangu zamani Spika alihesabiwa kuwa karibu na Mfalme. Siku ile alisema waziwazi ya kuwa yeye ni wa Bunge. Charles akatoka mikono mitupu, wajumbe wakipiga kelele juu ya haki zao. Baada ya siku sita aliondoka London. Hakurudi tena ila akiwa mfungwa.

VITA VYA NDUGU KWA NDUGU

Tarehe 22 Agosti 1642 Mfalme aliinua bendera yake ya vita katika mji wa Nottingham. Vita hivyo havikuwa vya maskini na matajiri, wala vya jimbo na jimbo. Vilipita katikati ya nyumba. Ndugu alisimama upande huu, na ndugu upande ule. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Mkulima asiyejua lolote la Ombi la Haki alinyang'anywa farasi na pande zote mbili, na pande zote mbili zikamtoza kodi kubwa kuliko ile Kodi ya Merikebu iliyoleta ugomvi.

Mwanzoni Mfalme alikaribia kushinda. Lakini Bunge lilikuwa na London pamoja na bandari na forodha zake, likapata pia msaada wa Waskoti. Mwaka 1645 liliunda jeshi jipya lenye nidhamu na mshahara, chini ya jemadari Thomas Fairfax, na kamanda wa wapanda farasi wake alikuwa Oliver Cromwell, mwenye shamba aliyekuwa mjumbe wa Bunge. Tarehe 14 Juni 1645, huko Naseby, jeshi la Mfalme lilivunjwa. Mwaka uliofuata Charles alijisalimisha kwa Waskoti, nao wakamtoa kwa Bunge mwaka 1647.

Jambo la ajabu lilitokea mwaka huo huo. Askari wa jeshi lile walikutana na wakubwa wao katika kanisa la Putney, karibu na London, wakajadiliana nani apige kura. Baadhi yao walisema ya kuwa mtu maskini naye hapaswi kutawaliwa na serikali ambayo hakuikubali. Wakubwa wakajibu ya kuwa asiye na mali hana cha kumfunga na nchi. Askari hawakupata walichotaka. Lakini neno likikwisha kusemwa halirudi kinywani.

MFALME MBELE YA MAHAKAMA

Hata akiwa mfungwa, Charles alifanya shauri kwa siri na Waskoti, nao wakaivamia Uingereza mwaka 1648 kwa ajili yake. Walishindwa, lakini jeshi likasema ya kuwa mtu huyu hawezi kuaminiwa tena. Tarehe 6 Desemba 1648 askari walisimama kwenye mlango wa Bunge, wakawazuia wajumbe wote waliotaka kupatana na Mfalme. Waliobaki wakaunda mahakama.

Charles aliletwa mbele yake Januari 1649. Alikataa kujibu mashtaka. Aliuliza ni kwa mamlaka gani wanamhukumu Mfalme wao, na akasema ya kuwa ikiwa nguvu isiyo na sheria yaweza kumhukumu yeye, basi hakuna raia awezaye kuwa na hakika ya uhai wake au mali yake. Hayo yalikuwa maneno mazito, na mahakama haikuwa na jibu zuri, kwani iliwekwa kwa mitutu ya bunduki. Watu 59 walitia sahihi hati ya kifo. Tarehe 30 Januari 1649, siku ya baridi kali, alikatwa kichwa huko Whitehall. Alivaa mashati mawili ili asitetemeke kwa baridi, watu wasije wakadhani ni hofu.

Kabla ya kufa alisema ya kuwa anataka uhuru wa watu kama mtu mwingine yeyote, ila uhuru wao ni kutawaliwa kwa sheria zinazolinda uhai na mali zao, si kuwa na sehemu katika serikali. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote. Mwenzake wa upande wa pili angemjibu hivi: sheria hiyo itanilindaje, ikiwa sina sehemu katika kuitunga, na mwenye kuivunja ni yule anayeilinda?

MTAWALA ASIYE NA TAJI

Nchi ikatangazwa kuwa jamhuri. Lakini kuondoa taji hakukuondoa ugomvi. Cromwell alipigana Ireland kwa ukali ambao Wairishi hawajausahau, kisha akawashinda Waskoti. Mwaka 1653 alilitawanya kwa askari lile baki la Bunge Refu, akawa mtawala mwenye cheo cha Mlinzi wa Nchi. Aliita mabunge yake mwenyewe, akagombana nayo, akayavunja, kama Charles alivyofanya. Mwaka 1657 alitakiwa awe mfalme, akakataa. Alikufa mwaka 1658, na mwanawe hakuweza kushika nafasi yake. Mwaka 1660 Charles wa Pili, mwana wa yule aliyeuawa, akaitwa kutoka uhamishoni, na watu wakashangilia barabarani.

Walioshangilia hawakutaka mambo yote ya kale yarudi. Sheria za mwaka 1641 zilizokubaliwa na Mfalme zilibaki karibu zote. Mwaka 1679 ikapitishwa sheria ya Habeas Corpus, iliyotia nguvu amri ya kumleta mfungwa mbele ya jaji upesi ili ionekane amefungwa kwa sababu gani.

MWISHO WA UGOMVI, 1688–1689

Charles wa Pili alifuatwa mwaka 1685 na ndugu yake, James wa Pili, aliyekuwa Mkatoliki. James alidai ya kuwa ana uwezo wa kuzisimamisha sheria kwa neno lake, na akaweka jeshi kubwa wakati wa amani. Maaskofu saba walimwandikia ombi la kumpinga. Akawashtaki, na baraza la wazee wa mahakama likawaachilia Juni 1688. Mwezi ule ule Mfalme alikuwa amepata mtoto wa kiume, na watu wakaona ya kuwa utawala wake hautakwisha na yeye. Wakuu saba wa nchi wakamwandikia William wa Orange, mtawala wa Uholanzi, mume wa Mary, binti wa James, aje kwa silaha. William alitua pwani ya Uingereza tarehe 5 Novemba 1688. Jeshi la James likayeyuka, naye akakimbilia Ufaransa.

Safari hii Bunge halikumwua mfalme, wala halikuwaachia askari nchi. Lilimpa William na Mary kiti cha enzi, na pamoja nacho likawasomea masharti, ambayo mwaka 1689 yakawa sheria iitwayo Hati ya Haki. Mfalme asisimamishe sheria bila ya Bunge. Asitoze kodi bila ya Bunge. Asiweke jeshi la kudumu wakati wa amani bila ya Bunge. Uchaguzi uwe huru. Maneno asemayo mjumbe Bungeni asishtakiwe kwayo mahakamani. Adhabu za kikatili zisitolewe. Tena Bunge likajifunza kutoa fedha kidogo kidogo kwa muda mfupi, na tangu mwaka ule limekutana kila mwaka. Mwaka 1701 sheria nyingine iliwalinda majaji wasifukuzwe kwa kumchukiza Mfalme. Mwaka 1708 ndiyo mara ya mwisho mtawala wa Uingereza kukataa kutia sahihi sheria iliyopita Bungeni.

FAIDA ILIKUWA YA NANI

Msomaji mwangalifu atauliza: je, Mwingereza maskini alipata nini? Kwa miaka mingi alipata kidogo. Bunge lililoshinda mwaka 1689 lilikuwa la wenye mali, nao walitunga sheria zilizowafaa. Wanaume wote wazima, na wanawake kwa sehemu, walipata kura mwaka 1918, na wanawake wakawa sawa na wanaume mwaka 1928.

Na watu waliotawaliwa na Uingereza ng'ambo walingoja pia. Katika Kenya, Mwafrika alitozwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa tangu mwanzo wa karne ya 20, hali ya kuwa mpaka mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu, hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria. Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Na wakati wa Hali ya Hatari, iliyoanza mwaka 1952, maelfu ya watu waliwekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa, chini ya serikali ya taifa lile lile lililoandika Ombi la Haki. Haki ikiandikwa kwa ajili ya wengine tu, ni kama kisima chenye kufuli.

Lakini kufuli hufunguliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 210, yasema ya kuwa hakuna kodi itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 51 champa mtu aliyewekwa kizuizini haki ya kuomba amri ya Habeas Corpus, na kifungu cha 25 chasema ya kuwa haki hiyo haiwezi kupunguzwa. Maneno hayo ni machache, na mtu aweza kuyasoma upesi akapita. Hayakupatikana upesi. Hampden alibishania shilingi 20. Eliot alifia kifungoni. Lenthall alipiga magoti asitoe siri. Nao hawakujua ya kuwa watu wa nchi za mbali, wasiozijua, siku moja watadai haki hizo hizo kwa kinywa chao wenyewe.